Dada Yangu Jaji na Kesi Yangu ya Ploti

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja nilivaa suti, nikafunga duka langu la misumari na mabati River Road, nikapanda ngazi za mahakama kumwona dada yangu. Nilikuwa na kesi ya ploti na jirani yangu, na dada yangu Wairimu alikuwa jaji. Sikuona haja ya kuhangaika.

Mimi niliishia darasa la nne. Sioni haya kusema hivyo. Nina nyumba mtaa wa Jamhuri, na niliipata kwa mgongo huu. Baba alipofariki tulikuwa tunaishi chumba kimoja mtaa wa Kawangware, mama akifua nguo za watu kwenye nyumba za Jamhuri. Siku moja shuka ikapotea kwa mwajiri wake. Mama alisingiziwa wizi, akalala seli siku tatu bila kuulizwa hata swali moja, kwa sababu mwajiri huyo, mwenye nyumba, alijuana na mkubwa wa kituo cha polisi. Baadaye shuka ikaonekana kwa kamba ya jirani.

Wairimu alikuwa na miaka kumi. Tangu siku hiyo alisoma kama mtu aliyetukanwa. Mama akifua, yeye anaandika hesabu juu ya meza ya kupigia pasi. Mimi niliacha shule nikabeba simiti River Road ili yeye asifukuzwe kwa kukosa karo. Akasomea sheria, akawa wakili, akawa hakimu, na mwishowe jaji.

Basi siku hiyo karani akanizuia mlangoni.

"Mzee, mheshimiwa anakutarajia?"

"Mwambie aliyembebea simiti amefika."

"Na akiuliza ni simiti gani?"

"Hatauliza."

Wairimu alinipokea vizuri, akanimiminia chai kwa mkono wake. Nikamweleza kwamba kesi yangu iko kwa jaji mwenzake, ampigie simu tu, waelewane.

"Kaka, hiyo faili siigusi. Na simu sipigi."

"Wairimu, bila mimi ungekuwa unafua nguo za watu."

"Ni kweli, na sijasahau hata siku moja. Lakini huyo jirani yako hana dada hapa. Mama naye hakuwa na mtu pale kituoni. Unataka mimi niwe yule mwenye nyumba?"

Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nilisimama, nikamwambia, karani akisikia, kwamba sina dada na asikanyage kwangu.

Kesi nilishinda, mwanangu. Nilishinda kwa haki, na wakili kijana tu wa kawaida. Nikatoka nje nikitafuta mtu wa kumwambia. Watu walikuwa wamejaa katikati ya jiji, kila mtu na haraka zake, nami nikarudi dukani kufungua kufuli.

Wairimu alikuja Jamhuri mara mbili. Nilimwona kwa dirisha amesimama getini na kikapu, nikamtuma mlinzi aseme sipo. Mara ya tatu hakuja. Miaka saba ikapita hivyo.

Mke wangu alipofariki nilimpigia Wairimu simu, akaja kuzika. Siku hizi hunipigia kila Jumapili. Ananiuliza kama nimekunywa dawa, namjibu ndiyo, halafu tunaagana. Ananiheshimu sana. Lakini ya moyoni mwake hanipi tena. Juzi alilazwa hospitali, nami nikasikia kwa watu. Nina vyumba vitano na redio moja, na hiyo redio naiacha ikiongea kutwa.

Kwa hivyo sikia. Ukimsomesha ndugu yako, usifikiri umemnunua. Akikataa kupindisha sheria kwa ajili yako, ujue karo yako haikupotea. Huyo ndiye mtu uliyekuwa unamsomesha. Na kama umeshamfukuza kwa mdomo wako, mfuate leo, ungali unajua kinachomliza. Ukichelewa atakusamehe, ndiyo, lakini atakuwa amezoea kuishi bila wewe.

Mungu akupe elimu ambayo mimi sikuipata. Akupe na ndugu mwenye moyo wa kukuambia hapana, kisha akupe wewe nguvu ya kubaki umeketi naye.