Aliyegeuza Fromaji Zangu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimevaa viatu vya kanisani, na Shefu, mkuu wetu wa kazi, akaniambia nivue. Nyumba ya fromaji, kule juu Masisi, sakafu yake ilikuwa imeloa tangu asubuhi hadi jioni, na aliyeteleza humo akiwa amebeba bido, lile dumu la maziwa, alimwaga kazi ya wafugaji wa kilima kizima. Nikasimama pekupeku juu ya simenti baridi. Kando yangu alikuwapo kijana mwingine aliyeandikwa kazi asubuhi ileile, mrefu, naye alikuwa pekupeku tayari. Akatazama viatu vyangu pale mlangoni.

"Shefu, huyu alikuja kuoa," akasema.

Ndivyo nilivyojuana na Bahati.

Watu wa pwani huiita jibini. Sisi tulisema fromaji, na ninyi vijana mnaoinunua ikiwa imekatwa vipande mjue ilivyozaliwa. Maziwa yalipofika tulinusa kila bido, kwa sababu moja lililochacha huharibu mengine yote. Tuliyachuja kwa kitambaa, tukayapasha moto katika beseni la shaba mpaka joto lake likawa kama la shingo ya mtoto asiye na homa. Kisha tulitia presure, dawa inayotoka katika tumbo la ndama, nayo ndiyo inayogandisha. Maziwa yakishaganda tuliyakata kwa kisu kirefu, tukayamwaga katika vyombo vya mbao vyenye matundu, tukayakandamiza kwa mawe. Mwishoni fromaji zilioga maji ya chumvi, kisha zikapanda juu ya mbao kukomaa.

Shefu alimpa kila mmoja wetu beseni lake. Kila Jumamosi alikata kipande cha Bahati na kipande changu, akaonja amefumba macho. Iliyoshinda ilipanda gari la kwanza la kwenda Goma. Iliyoshindwa ilibaki ikisubiri, na mwenye nayo alibaki akiitazama.

Lakini fromaji changa lazima igeuzwe kila siku, juu iwe chini, la sivyo maji yake hushukia upande mmoja na tumbo lake likaoza. Kwa habari ya kugeuza Shefu alikuwa na sheria yake.

"Bahati atageuza zako, na weye utageuza zake."

"Shefu," nikamwambia, "mutu atachunga namna gani kitu ya mwenye anashindana naye?"

"Ikioza, nitajua ni mukono ya nani. Ikiwa nzuri, utajua ni sababu gani. Kama hauigusi kila siku, utajifunzia wapi?"

Basi nikajifunzia hapo. Kwa vidole tu nilijua kwamba Bahati alikandamiza kwa jiwe zito kuliko langu, na kwamba alichelewa kuzitoa katika chumvi. Naye alizijua zangu.

"Tumbo ya hii ni laini kama ya mutoto wa jeran," alikuwa akiniambia akiwa ameishika mikononi, na jeran kwetu ni meneja. "Haijafanyaka kazi hata siku moja."

Nilikasirika, na kesho yake nilibadilisha jiwe. Sikumwambia. Hakuwa na haja ya kuambiwa, maana ni yeye aliyeigeuza.

Kisha wakimbizi wakaja. Vilima vilivyokuwa na majani vikajaa maturubai, na baada ya wakimbizi vikaja vita, na ng'ombe waliokuwa na majina wakaondoka mmoja mmoja kwa njia ambazo hatukuulizia. Siku tulipoifunga nyumba ya fromaji, Shefu aligeuza ufunguo mlangoni, ingawa madirisha hayakuwapo tena. Tuliteremka Goma pamoja na watu wengine wote. Nilibeba beseni langu la shaba kichwani, limefunikwa kama kofia, na mvua iliponinyeshea njiani pale Sake ikalipiga mlio kama kengele mpaka Bahati akasema anatembea na kanisa.

Mjini kila mtu alifungua pake. Mimi nilikodi chumba mtaa wa Mabanga, yeye mtaa wa Murara. Mawe ya kukandamizia hayakutupa shida, kwa maana Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Shida ilikuwa maziwa. Njia ya Masisi ikiwa wazi yalikuja kwa lori, ikifungwa tuliyatafuta upande wa Rutshuru, yakaja yakitikisika kutoka Kalengera. Tulilingojea lori lilelile na kugombania mabido yaleyale. Mteja wetu mkubwa pia alikuwa mmoja, jeran wa hoteli karibu na ziwa. Juma hili alichukua zangu, juma lijalo za Bahati, na aliyeachwa hakumsalimia mwenzake vizuri siku hiyo.

Hata hivyo, kila asubuhi Bahati alikuja Mabanga kugeuza fromaji zangu, na kila alasiri nilikwenda Murara kugeuza zake. Majirani walidhani tuna kichaa. Hakuna Shefu aliyetuamuru tena. Sikuwahi kumuuliza kwa nini anakuja, naye hakuniuliza.

Siku moja alipata habari kwamba ng'ombe wachache wa baba yake wamesalia kwa ndugu huko juu Masisi. Akaamua kwenda kuwaleta karibu na mji.

"Nikipata ng'ombe yangu mwenyewe, sitangojea lori tena," akaniambia. "Utakuja Murara kuniomba kazi, na nitakuvulisha viatu."

"Kwanza urudi."

"Geuza zangu. Na usizifinyefinye kwa wivu."

Baada ya hapo mapigano yakafunga njia. Ilipofunguliwa, watu wengine walishuka. Yeye hakushuka.

Nilizigeuza. Zikakomaa, mke wake Mama Furaha akaziuza, mbao zikabaki tupu. Ndipo jeran wa hoteli akaja mwenyewe Mabanga.

"Muzee, mwenzako haiko. Leta zako tu, kila juma. Nitachukua zote."

Ni neno nililolitamani tangu tulipofika mjini. Maziwa yalikuwa machache, na dereva sasa aliniletea mimi peke yangu. Nililohitaji ni kukaa kimya tu, na jina la Bahati lingekwisha Murara. Akirudi angekuta mlango wenye kufuli na wateja walioshikwa na mwingine. Jioni hiyo hiyo nilimwomba jeran anivumilie kwanza, bila kumkubalia, nikachukua bido moja, nikaenda Murara.

Mama Furaha alisimama mlangoni asiniambie karibu.

"Papa Imani, hii maziwa ni ya nini?"

"Ni ya beseni ya Bahati."

"Ni zawadi?"

"Mama, ni kusaidiana tu."

"Basi rudisha. Mutu akinipatia maziwa ya huruma, kesho atataka nimushukuru mpaka nife. Uniuzie, bei ile ile unanunua. Halafu unifundishe. Halafu tutaonana kwa jeran."

Nikamfundisha. Aliunguza mikono, akamwaga, akalaani shaba na ng'ombe pamoja. Sheria ya Shefu nilimweleza ya mwisho, na alipokuja kwangu kugeuza mara ya kwanza alizibonyeza zangu kama anayechagua parachichi sokoni.

"Ni hizi ndiyo zilikuwa zinamushinda bwana yangu?" akauliza.

Ikafika siku tuliyosimama wote wawili mbele ya jeran. Akaonja yangu, akaonja ya Mama Furaha, akarudia ya Mama Furaha.

"Juma hii, ya mama."

Nilitoka bila kuaga. Alinifuata mpaka barabarani.

"Papa Imani, kasirika tu. Lakini kesho usichelewe kuja kugeuza."

Nilipanda kuelekea Mabanga nikitembea upesi, nikiwaza chumvi, nikiwaza uzito wa jiwe. Katikati ya njia nikasimama. Tangu Bahati aondoke nilikuwa nimetengeneza fromaji ambazo hakuna aliyezishinda, na zilikuwa zimelegea bila mimi kuona. Mpaka Mama Furaha alipokuja kuzibonyeza, hakuna aliyekuwa amezishika kila siku na kuniambia.

Sasa nimeacha kazi. Mgongo haukubali mabido. Vijana huja kuniuliza kama mshindani ni ndugu au adui, nami huwaambia watafute mtu wanayetaka kumshinda, kisha wamwachie kazi yao mikononi. Wengi hudhani nazeeka vibaya.

Mama Furaha hataki kuitwa mjane, na mimi simwiti. Magari ya Masisi yakifika bado natazama wanaoshuka. Nina habari moja ya kumpa Bahati: kwamba mke wake alinishinda, mbele ya jeran, kwa beseni la Bahati mwenyewe. Nimewasimulia watoto, majirani, hata pasta. Wote hutabasamu kwa adabu, kwa kuwa mimi ni muzee. Hakuna hata mmoja anayecheka inavyopasa.