Nondo Niliyoikata Nusu

Nakumbuka asubuhi moja ya Alhamisi, mwanangu, nimesimama na fimbo mkononi nikimchapa punda kwa kosa langu mwenyewe. Punda yule aliitwa Johari. Mwenye punda alikuwa Bi Mwanaesha, mjane wa rika la bibi yangu, ambaye riziki yake yote ilipanda mgongo wa mnyama huyo: leo mawe ya kujengea, kesho nazi, kesho kutwa makuti. Watu husema asante ya punda ni mateke. Mimi nilistahili mateke siku ile na sikuyapata, na hilo huniuma mpaka leo.

Nikueleze kwanza nilivyokuwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimerudi kwetu Pate kutoka Ras Kitau, nilikokaa miaka mitatu nikijifunza umeme kwa fundi mmoja wa bara, Mkamba mpole aliyeitwa Fundi Mutua. Nilirudi na sanduku la vifaa, na juu ya hayo gambuti, viatu vya mpira vyeusi virefu, ambazo hapa kijijini hakuna aliyekuwa nazo. Nilizivaa nikienda kazini na nilizivaa nikienda dukani kununua sukari. Jua linawaka, miguu inachemka ndani, na mimi natembea kifua mbele. Ujana una mambo yake, usicheke sana.

Basi baharia mmoja wa kwetu aliyefanya kazi Uarabuni akaleta jenereta na pampu ya maji, akaviweka wakfu kwa msikiti. Kisima chetu kiko ubavuni mwa msikiti. Toka zamani desturi yetu ni kwamba maji yale yanaanza birikani, watu watawadhe, na yanayozidi yanatoka nje kwenye hodhi, wanyama wanywe. Hakuna aliyeandika sharti hilo mahali popote, lakini mzee gani angekubali msikiti unywe na punda wapite na kiu? Nikapewa kazi ya kufunga pampu. Maalim Kupi, imamu wetu, akasema maji ya birikani yatafunguliwa siku ya Ijumaa, na mpaka hapo mtu asiguse kitu. Upande wa hodhi ningeufungua mapema, tuijaribu mashine.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye ugonjwa. Umeme, mwanangu, ukitoroka kwenye waya hutafuta ardhi. Ndiko kwao. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na umeme nao ni hivyo hivyo, ukizunguka utakavyozunguka mwisho hutaka kushuka chini. Kwa hiyo fundi huuwekea njia yake: waya wa ardhi, ule mafundi wanaouita athi, unaofungwa kwenye nondo ya shaba iliyozikwa kwenye udongo wenye unyevu. Ukipewa njia hiyo hushuka kimya bila kumdhuru mtu. Ukinyimwa, utapita kwenye mwili wa yeyote atakayegusa chuma huku amekanyaga chini. Fundi Mutua alikuwa akituambia kila siku, "Athi ndiyo ya kwanza kufungwa na ya mwisho kufunguliwa." Nilikuwa nimelishika neno lile mdomoni tu.

Nilianza kuipigilia nondo pale karibu na pampu. Futi mbili chini nikakuta jiwe. Unaijua ardhi yetu, mchanga kidogo juu halafu mwamba. Nikapiga nyundo mpaka mikono ikatoka malengelenge, nondo haiendi. Ningeweza kutafuta mahali pengine. Ningeweza kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Lakini watu walikuwa wamekaa barazani wananitazama, na fundi mwenye gambuti hawezi kushindwa na jiwe. Nikasubiri waende kuswali, nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata nondo nusu. Kile kipande cha juu nikakificha sandukuni. Kile cha chini, kilichosimama kwenye mchanga mkavu kama mshumaa kwenye keki, nikakifunga waya na kukifukia vizuri. Kwa juu palionekana kazi safi kabisa.

Nikawasha mashine. Maji yakatoka kwenye bomba la chuma, hodhi likajaa, watu wakanipongeza. Jioni ile Bi Mwanaesha akamleta Johari kunywa. Punda akateremsha shingo, midomo ikagusa maji, akaruka nyuma kama aliyeumwa na nyoka. Akavutwa tena, akakataa. Siku ya pili hakukaribia hata hodhi lenyewe. Mbuzi nao wakaanza kulizunguka kwa mbali wakilia.

Kila mtu akawa na lake. Mmoja akasema punda amepatwa na jicho la watu, afanyiwe kombe, aya ziandikwe sahanini zioshwe kwa maji, anyweshwe. Mwingine akasema kisima kina wenyewe, majini, na wamekasirikia mashine. Mimi, msomi, nikasema mnyama anaogopa mlio wa jenereta, atazoea. Huku nyuma Bi Mwanaesha alikuwa akienda kisima cha mbali, anavuta ndoo kwa kamba na mikono ile ya kizee, anampelekea Johari maji ambayo hayamtoshi. Punda akapungua nguvu. Siku ya tatu alipiga magoti njiani akiwa na mzigo. Bi Mwanaesha akajua kwamba akimpoteza Johari, yeye na wajukuu wake wawili wamekwisha.

Ndipo ikafika ile asubuhi ya Alhamisi. Jenereta inanguruma, watu wamekusanyika, na mimi nimeona haya fundi mzima kudhalilishwa na punda. Nikashika kamba, nikashika fimbo, nikamchapa nikimsukuma kwenye hodhi. Johari alinyanyua masikio, akatetemeka mwili mzima, na hakusogea. Nikainua fimbo mara ya nne au ya tano, ikashikwa kwa nyuma.

"Weka fimbo nti," akasema Bi Mwanaesha.

Nikaiweka chini. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Miaka yote Johari hunwa mai hapa. Yana na yuzi hakutaka, na yeo hataki. Kilichobadilika ni punda, au ni wewe?"

"Bi Mwanaesha, mashine ni mpya," nikamjibu kwa Kiswahili changu cha mafundi wa Ras Kitau. "Anaogopa kelele. Wazimu wa punda tu."

"Hana wazimu. Yuwaona yambo usiloliona." Akanitazama miguuni. "Mimi yana nimekaa nikamwangalia sana. Nikasema, mimi na yeye tofauti yetu ni nini? Mimi nina champali, yeye hana kitu. Nikavua champali, nikabandika ncha ya kidole kwenye mai. Vua zatu zako, mwanangu. Kanyaga alipokanyaga yeye, halafu uniambie wazimu ni wa nani."

Kukataa mbele ya watu nilishindwa. Nikazivua gambuti. Mara ya kwanza tangu nirudi, nyayo zangu zikagusa tope la kwetu, la baridi. Nikanyoosha mkono, nikagusa mdomo wa bomba.

Nilijikuta nimekaa chini kwenye matope, mkono umekufa ganzi mpaka begani. Watoto walicheka. Watu wazima hawakucheka. Na mimi, wallahi, sikuhisi aibu kwanza, nilihisi hofu. Niligeuza kichwa nikaliona birika kupitia mlango wa msikiti. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mji mzima ungeingia pale, wazee kwa watoto, wamevua viatu, miguu imelowa, mikono ndani ya maji. Na bomba lilikuwa hilo hilo.

Nikakimbia kuizima jenereta. Maalim Kupi akatoka kuuliza kuna nini. Hapo, mwanangu, shetani alinijia na maneno tayari: sema waya umekuja mbovu kutoka dukani. Na kweli, baadaye niliukuta waya umechunika ngozi nilipoupitisha kwenye tundu la ukuta, kwa hiyo uongo wenyewe ungekuwa na nusu ya ukweli, na uongo wa namna hiyo ndio mtamu kuliko wote. Kinywa kilishafunguka. Nikamwona Bi Mwanaesha amemkumbatia Johari shingoni, ananitazama bila hasira, ananisubiri tu.

Nikasema, "Maalim, nondo niliikata. Nilikuta jiwe nikaikata, nikaifukia msiione."

Nikaifukua mbele yao, nikaenda kutoa na kile kipande kingine sandukuni, nikavishika viwili mkononi. Mficha uchi hazai, na siku ile nilijua maana yake vizuri. Nilingoja nifukuzwe. Maalim Kupi akaviangalia vile vipande, akaangalia birika, akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi kwa huyu punda," akasema. "Kesho tutatawadha kwa kata kama walivyotawadha babu zetu. Na wewe utaanza upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Nikasema sijui pa kuanzia, kila mahali ni jiwe. Bi Mwanaesha akacheka, kicheko cha kwanza siku ile, akanyoosha kidole nyuma ya msikiti. Pale palikuwa na mdimu. Maji ya watu kutawadha yalikuwa yakitiririka kwenda huko tangu hatujazaliwa. Wakati wa kiangazi, mimea yote ikikauka mpaka inavunjika ukiigusa, mdimu ule ulibaki kijani na ndimu zake zina maji.

"Mti hauvai zatu," akaniambia. "Uliza mti, utakwambia mai yako wapi."

Nikachimba hatua chache kutoka shina, nisiikate mizizi. Udongo ulikuwa mweusi na laini. Nondo mpya iliyoletwa Jumamosi kutoka mjini Amu ilishuka yote, urefu wake wote, bila hata kelele nyingi. Nikabadilisha waya, nikaurefusha mpaka huko. Nilipomaliza nilipima kwa kipimo, halafu nikavua gambuti na kusimama pale pale penye tope. Nikagusa bomba. Maji yalikuwa maji.

Nilidhani Johari naye angekuja siku hiyo hiyo tukashangilia. Hakuja, ng'o! Umeme niliutengeneza kwa siku moja, lakini imani ya punda haina fundi wa haraka. Ikabidi kila asubuhi niende hodhini miguu mitupu, nitie mkono majini, nisimame pale huku yeye ananitazama kutoka mbali na masikio yake yale. Siku ya tisa alisogea. Siku ya kumi na mbili aliteremsha shingo, akagusa, akangoja kidogo, kisha akanywa. Alikunywa mpaka nikasikia maji yakishuka kooni mwake. Nililia mwanangu, sikuona haya. Bi Mwanaesha aliniambia nijipanguse kamasi, wageni wasije wakaniona.

Kile kipande cha nondo nilichokificha sandukuni alikiomba Bi Mwanaesha. Akakifanya kigingi cha kumfungia Johari, na kila nilipopita mlangoni kwake alikuwa akisema, "Fundi, nondo yako imepata kazi." Johari aliishi miaka mingi baada ya hapo, akasomesha wajukuu wawili kwa mgongo wake. Bi Mwanaesha alipotangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, wajukuu wakaniletea kigingi kile. Kiko hapa, ndicho hiki kinachozuia mlango usibamizwe na upepo.

Leo jenereta ile ni chuma chakavu. Sola ziko juu ya paa la msikiti, na vijana kama wewe mnazifunga kutoka hapa mpaka Mkokoni na Kiunga, tena kwa ujuzi unaonifurahisha, maana mna vipimo ambavyo mimi sikuviota. Mdimu bado upo na unazaa. Hodhi bado lipo, na punda wanakunywa. Nikipita asubuhi nikawaona wameinama mstari mzima, nakuambia hakuna kitu kinachonipa raha kama hicho.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na imetoka kwa bibi mmoja na punda wake. Kiumbe asiye na ulimi akikataa kitu alichokuwa akikipenda, usikimbilie fimbo wala usikimbilie kusingizia majini wa kisima. Jiulize wewe umebadilisha nini. Tumia kipimo chako, usijaribu kwa mkono kama nilivyofanya mimi mjinga, lakini kabla ya kipimo vua kiburi, usimame anaposimama yule unayemfanyia kazi. Kile kipande kinachofukiwa ardhini kifunge kwa uaminifu kuliko kile kinachoonekana na watu, kwa sababu roho za watu zimetegemea pale. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema mapema, kabla Ijumaa haijafika.

Haya, chukua sanduku lako, jua linapanda. Mola akujaalie mkono wa kweli na jicho la huruma. Akulinde wewe na kila atakayegusa kazi yako, mwenye viatu na asiye na viatu, mwenye ulimi na asiye na ulimi. Na ukifika hodhini, mwanangu, wape salamu wale punda. Wao ndio walionisomesha.