Namba ya Dereva wa Kombaini

Siku yangu ya kwanza ya ukarani wa hospitali, pale Dongobesh, Mganga Mfawidhi alinikabidhi kitabu kinene cha uainishaji wa magonjwa, akasema, "Kijana, kutibu ni kazi yangu. Yako ni kuupa kila ugonjwa namba yake." Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, na kila kitu kilinitia wasiwasi. Hata malaria niliifungulia kitabu upya, nikihofia namba yake imebadilika.

Baadaye nikahamishiwa Hanang, kwenye hospitali iliyohudumia mashamba ya ngano ya serikali. Huko akaletwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, Mdatoga wa Getanuwas. Alikuwa ameamka hawezi kuinua mkono wala mguu, na haikuwa mara ya kwanza. Mganga wa zamu akaandika kifafa. Siku zile, mfanyakazi wa shamba akiandikiwa kifafa aliachishwa kazi, na familia yake ikahama nyumba ya shamba.

Ningeweza kuandika namba ya kifafa nikamaliza. Lakini faili halikutaja degedege popote, na hilo likanikosesha raha. Nikaenda wodini, nikamwomba mkewe anitajie ndugu wa mume waliowahi kuugua hivyo. Akainamisha macho, kimya. Nikadhani hakuna.

"Huyu karani bado hajaoa," alicheka dada wa mgonjwa. "Wifi yangu atawatajaje wakwe zake? Kwetu ni mwiko. Niulize mimi, aliyeugua ni baba yangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba alikuwa hivi hivi. Akishiba sana kwenye sherehe, asubuhi tunambeba kama gogo. Lakini anasikia yote, na anatutukana!"

"Hata mimi nasikia," mgonjwa akasema kitandani. "Nimewasikia mkigombania blanketi langu."

Mtu anayeanguka kifafa hupotewa na fahamu, huyu hakupotewa. Kitabuni, katika sura ya mishipa ya fahamu, chini ya magonjwa ya misuli, kulikuwa na kupooza kwa vipindi kunakorithiwa. Namba ile sikuwahi kuitumia. Ila karani habadilishi alichoandika mganga. Nilifika mlangoni kwa Mganga Mkuu wa pale, nikarudi, nikaenda tena. Je, akisema najifanya daktari?

"Ingia basi, unanichakazia sakafu!"

Alinisikiliza, akaenda kumpima mwenyewe, kisha akafuta kifafa, akaandika kupooza kwa vipindi.

Meneja wa shamba akaamua: "Kombaini hapana, asije akapooza juu yake. Abaki karakana."

Dereva hakufurahi. "Bwana Namba," aliniambia, "umeniachia nyumba, ukaninyima ngano."

Nimestaafu, niko kwetu Masieda. Vijana mnaoanza kazi hii, kompyuta zenu hupokea namba yoyote bila kuuliza, kwa hiyo ulizeni ninyi. Wala msingoje shukrani. Namba sahihi haikumrudisha yule bwana kwenye mashine. Ilizuia tu asifukuzwe kwa ugonjwa asiokuwa nao. Kila mavuno alisimama mlangoni mwa karakana akiwatazama wenzake wakivuna, na jioni alirudi nyumbani kwake.