Plizi za Mama Koku

Tangu niache shule darasa la sita nimefanya vibarua vingi, lakini sikuwahi kuona bosi akimbembeleza kibarua. Mama Koku, mwalimu mstaafu kutoka Kagera, alinichukua nimshushie ndizi za lori kwenye ghala lake pale Nyegezi. Kila agizo lilianza na plizi. "Plizi, shusha mkungu." "Plizi, funga geti."

Nikaingiwa na shaka. Mimi nimezoea plizi ya anayeomba msamaha, si ya mwenye mali. Huyu mama ananilainisha anifukuze, na kazi nyingine sina. Siku ya tatu akasema, "Plizi, kunywa chai kwanza." Nikajua ndiyo chai ya kuagwa. Nikasimama mbele ya wapagazi wenzangu wote.

"Mama, kama unanifukuza, sema tu! Hizo plizi zako nimeshazishtukia."

"Nani kakwambia nakufukuza, mwanangu?"

Kabla sijajibu, mbuzi wa jirani akaingia, akaanza kutafuna ndizi. Mama Koku akamgeukia kwa upole uleule.

"Plizi, baba, toka humo."

Wapagazi wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza, "Kijana, na huyo mbuzi naye anafukuzwa kazi?"