Mwaka Alioketi Benchi la Nyuma

Wasifu wa babake ulimfikia Ndinda kwa simu, Jumanne asubuhi, akiwa kazini Makadara, Mombasa. Kaka yake Ronald ndiye aliyeuandika kule kwao Kitui, akamtaka aupange pamoja na ratiba ya mazishi, maana kazi yake ndiyo hiyo. Alikuwa mpangaji wa maandishi katika duka la kupiga chapa la Bi Hussaina, na kwa miaka tisa amewapangia watu kadi za harusi na programu za mazishi, asidhani kwamba iko siku atampangia babake, Mzee Barnabas.

Bi Hussaina alimwambia aende akapumzike, kazi hiyo itafanywa na mwengine.

"Niache niifanye mwenyewe, Bi Hussaina," Ndinda akasema. "Ni baba yangu."

Akaanza kupiga herufi. Ronald alikuwa ameandika vizuri: mhubiri kwa miaka arobaini na mmoja, makanisa matatu ya vilimani akiyazungukia kwa miguu, kwa sababu baiskeli aliapa kutoipanda tena siku iliyomtupa mtoni yeye na Biblia yake. Kisha ikaja sentensi iliyosema kwamba marehemu hakukosa kuhubiri hata Jumapili moja. Hapo vidole vya Ndinda vikasimama.

Haikuwa kweli, na Ronald alijua.

Ndinda alishika mimba akiwa na miaka ishirini, na aliyempa akamkana. Desturi ya kanisa lao ilikuwa kwamba jina la mkosaji lisomwe mbele ya watu, naye atengwe na meza ya Bwana. Wazee wa kanisa walimwonea haya mhubiri, wakajitolea kulisoma wao. Babake akakataa. Alilisoma mwenyewe, kwa sauti ile ile aliyosomea matangazo ya ndoa, na Ndinda ameketi safu ya tatu. Wiki hiyo hiyo Ndinda akateremka Mombasa kwa shangazi yake Eddah, karani wa reli, na huko ndiko alikomzaa Purity.

Miaka minne ikapita, baba na binti wasitiane machoni. Kisha siku moja, Ndinda akiwa bado mgeni pale dukani, Mzee Barnabas akaingia na kifuko cha pojo mkononi. Alikuwa ametembea kutoka stendi ya mabasi akiulizia njia. Bi Hussaina akampa kiti, akaagiza chai.

"Nimekuja kukuomba radhi, mwanangu," akasema, hata chai haijafika.

"Baba, wewe ulifuata sheria."

"Niliifuata, ndiyo. Lakini siku ile sikuwa nikiiwaza sheria. Niliwaza watu wasije wakasema Barnabas anamficha wa kwake. Nilikutoa wewe ili nisalimike mimi."

Ndinda akasema amemsamehe.

"Ahsante. Ila jina lako sikulisomea hapa dukani. Nililisoma mbele ya watu, na mbele ya watu ndiko nitakakolirudisha."

Akalirudisha kweli. Jumapili iliyofuata alisimama akasema kwamba dhambi ya siku ile ilikuwa kiburi, na kiburi kilikuwa chake. Wazee wakaona amewaaibisha, wakamsimamisha kuhubiri mwaka mzima. Wapo waliomshawishi aanzishe kanisa lake. Akawajibu kwamba amechoka kusimama, ataketi. Kila Jumapili akatembea mwendo wake ule ule, akaketi benchi la nyuma na kina mama wenye watoto wachanga, akiwapakata watoto wao mama zao wakienda kwenye meza ya Bwana. Mhubiri aliyeletwa badala yake alikuwa mgeni, akijikwaa katika maneno ya Kikamba. Kila Jumamosi Mzee Barnabas alikwenda kumfundisha lugha hiyo.

Ndinda akampigia Ronald simu.

"Mwaka ule umeuruka."

"Nimeuruka kwa makusudi. Baadhi ya wazee wale wangali hai, na watakuwepo. Mtu husomewa mema yake."

"Hilo ndilo jema lake kubwa."

"Na wewe je? Utasemwa tena."

"Mimi nilishasomwa, Ronald."

Ronald akashusha pumzi, akampa mama yao simu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Andika," akasema. "Mwaka ule ndio niliojua nimeolewa na nani."

Ndinda akaifuta sentensi ile, akaandika nyingine nne kuhusu radhi ile na mwaka ule, akampa Bi Hussaina azikague kabla ya kuchapa. Bibi huyo akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Sisi Waislamu maiti hatumsomei wasifu, tunamwombea tu," akasema. "Lakini haya niliyasikia kwa masikio yangu, hapa hapa. Chapa."

Siku ya mazishi Ronald ndiye aliyesoma. Alipofika kwenye zile sentensi sauti ilimshuka, ila hakuruka neno. Kabla hajaendelea, mzee mmoja akainuka kwa mkongojo wake, akaomba kusema.

"Mimi ndiye niliyesema asimamishwe. Mwaka ulipokwisha, yeye ndiye aliyekuja kwangu kunisalimu. Nilimpokea, tukala pamoja. Radhi sikumwomba, nikisema nitamwomba kesho."

Akabaki amesimama. Mamake Ndinda akaenda, akamshika mkono, akamketisha kando yake katika viti vya wafiwa. Ronald akageuza ukurasa, akaendelea kusoma.