Dirisha la Hamadi

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu, nimepiga magoti ndani ya gari tupu uani kwetu Kilosa, futi kamba mkononi, napima kwa mara ya saba kitu nilichokwisha kukipima mara sita. Hamadi alikuwa ameketi mlangoni pa gari anatafuna muwa. Akaniambia, "Beni, hilo bati halijarefuka tangu asubuhi." Sikucheka. Nikapima mara ya nane.

Nakuandikia haya kwa sababu umeniomba daftari langu. Umesema wewe na rafiki yako Zawadi mmepata gari kuukuu la mizigo, mnataka kuligeuza liwe nyumba ya kusafiria, lenye kitanda, jiko na maji yake, na kwamba mjomba wako ndiye mtu pekee unayemjua aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Ni kweli nimeifanya. Miaka yangu thelathini na minne haitoshi kuitwa mzee, na mtu wa umri wangu akianza kutoa nasaha watu hutazamana. Lakini kosa langu nililifanya mapema, na sioni sababu ya kungoja mvi ndipo nikuambie.

Gari langu lilikuwa la kusambaza mikate. Bodi refu la bati, nyuma halina dirisha hata moja, na siku za joto lilinukia hamira mpaka kuku wa bibi yako wakawa wanakuja kunusa magurudumu. Ufundi wote nilijifunza kwa simu, kwa kutazama watu wa mbali wenye karakana safi na zana zilizotundikwa ukutani. Mimi nilikuwa na turubai na msumari wa kutundika shati. Mwaka mzima kabla sijagusa bati nilichora. Daftari la miraba, kila mraba sentimita kumi. Kitanda nilikichora mara kumi na nne. Niliandika tanki la maji likae juu ya ekseli ya nyuma ili gari lisivute upande mmoja, jiko liwe karibu na mlango, mbao za ndani zifuate mbavu za bodi. Hayo yote utayakuta humo, na ni sahihi.

Ila nikuambie na lisilokuwamo. Nilikuwa naogopa. Mtu aliyejifunza peke yake hutembea na hofu moja isiyomtoka: kwamba siku moja atatokea anayejua kweli, aitazame kazi yake, acheke. Nilitaka kazi isiyochekeka. Nikashindwa hata kulala vizuri kwa ajili ya kona ya kabati.

Hamadi hakuwa na hofu hiyo. Tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Wakati tunalijenga gari alikuwa kibarua kwenye shamba la mbegu Kilangali, na kila Jumamosi alikuja kwa pikipiki kunisaidia. Hata safari yenyewe ilikuwa wazo lake. Ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa mwandiko wake mbaya, ameandika: "Safari ya kwanza Mikumi. Chai asubuhi. Tembo watuone."

Nilimuuliza, "Watuone sisi, au sisi tuwaone wao?"

"Sisi tumeshawaona toka utotoni. Zamu yao."

Sasa sikia kuhusu pumba. Kuta za bati huwaka kama kikaango, kwa hiyo unahitaji kitu cha kuzuia joto kati ya bati na mbao. Nilipiga hesabu zangu nikaona pumba za mpunga zinafaa, nyepesi na zinapatikana bure mashineni. Hamadi alisema pumba huvuta unyevu. Nikamwonyesha daftari. Akatazama hesabu, akainua mabega, Jumamosi iliyofuata akaja na magunia manane. Mvua za kwanza ziliponyesha, bati likatoa jasho kwa ndani, pumba zikaota ukungu, na gari la mikate likanuka kama pombe iliyosahauliwa. Ilibidi tubandue kuta zote. Siku mbili Hamadi alikaa nami humo, pumba zikiwa zimetufika magotini, tunachota kwa sahani za plastiki. Hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Aliniimbia nyimbo za gwaride za shule ya msingi, zote kwa sauti ya kupasuka. Weka neno hilo moyoni, kwa maana nitalirudia.

Baada ya hapo tukafika kwenye dirisha. Tulipata kioo kizuri kutoka kwenye basi lililokufa. Jumamosi moja nilikuwa na homa, nimelala ndani, na Hamadi hakutaka siku ipotee. Akakata bati peke yake, ubavuni nyuma ya kiti cha dereva, akachonga fremu ya mninga, akafunga kioo. Jioni akaniamsha nikaone. Alikuwa na vumbi la mbao hadi kwenye kope, anatabasamu kama mtu aliyepata mtoto.

Dirisha lilikuwa limepinda. Sitakudanganya ili hadithi iwe tamu. Upande wa kushoto ulishuka kidole kizima. Wahenga walisema akipenda chongo huita kengeza, na mimi siku ile nilikuwa na macho tu. Nikamwambia ni zuri, ahsante. Akaondoka na pikipiki yake.

Jumatatu, homa haijaisha vizuri, nilifungua kioo chake, nikapanua tundu, nikalinyoosha kwa pima maji hadi kiputo cha hewa kikatulia katikati kabisa. Nikachonga fremu mpya. Fremu yake nikampa bibi yako, akaifunga wavu, akaitundika iwe mlango wa banda la kuku. Nikajiambia Hamadi hatatambua, na kama atatambua atanielewa, maana ni kazi tu.

Jumamosi iliyofuata aliingia uani, akamwamkia bibi yako, akasimama. Hakuwa amefika hata kwenye gari. Alikuwa anatazama banda la kuku.

"Naona dirisha limepata kazi nyingine," alisema.

"Lilikuwa limeshuka kidogo upande mmoja."

"Ungeniambia tulipandishe."

Nikamnyooshea msasa. Siku hiyo alipiga msasa mbao zote za kitanda, akala ugali nasi, akaaga vizuri. Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Baada ya miezi miwili akanitumia ujumbe kwamba amehamia Ruhembe, kuna kazi ya miwa. Sikumpigia. Nilijiambia nitampigia gari likikamilika, nimwonyeshe kitu kisicho na dosari, ndipo aelewe kwa nini. Nikachora upya ukurasa wa kitanda, mara ya kumi na tano. Safari hii kwa mtu mmoja, kwa kuwa nafasi ya pili ilitosha kabati la zana.

Mwanangu, kazi ya peke yako ina utulivu mzuri sana mwanzoni. Hakuna anayekubishia. Halafu inafika siku unashika mbao upande huu, upande wa pili unaning'inia, na unagundua kwamba tangu asubuhi hujatumia sauti yako. Nilikuwa nikisikia pikipiki barabarani naacha kupiga nyundo.

Nililimaliza baada ya miaka miwili. Aliyekuja kulitazama kwanza alikuwa Bibi Tatu, jirani yetu. Marehemu mumewe na babu yangu walikuja hapa na kazi ya reli, kutoka makabila mawili yanayotaniana, na utani huo haujawahi kupumzika. Mtani, unajua, ana ruhusa ya kukuambia usoni kile ambacho ndugu yako atakizunguka mwaka mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapanda taratibu. Akafungua kila droo. Akajilaza kitandani na viatu vyake.

"Kitanda cha nani?"

"Changu, bibi."

"Na mgeni?"

"Hakuna mgeni."

Akatazama dari. "Mlango mmoja, mto mmoja, mbao nzuri pande zote. Hili nalijua. Tofauti yake na jeneza ni kwamba jeneza halinywi mafuta."

Nilicheka kwa sababu mtani huchekewa. Yeye hakucheka. Akaketi, akauliza, "Yule kijana wa sauti ya kupasuka yuko wapi?" Nikamsimulia yote, hadi banda la kuku.

"Mume wangu alinijengea jiko la udongo tulipooana," alisema. "Likapinda. Sufuria inalala upande. Miaka arobaini nimepika hapo."

"Hukulinyoosha?"

"Naweka kijiti chini ya sufuria. Kila siku naweka kijiti. Alikuwa akiniona nakiweka, anaona haya, ananipulizia moto." Akashuka garini, akajishika kiuno. "Wewe ulikosa kijiti?"

Wiki ile ile niliondoka. Nilipofika Mikumi nikalala mjini, mahali wanapopumzika madereva wa malori, na alfajiri nikapika chai. Kila kitu kilifanya kazi. Bomba lilitoa maji, jiko liliwaka kwa njiti ya kwanza, droo hazikulia. Nikashika barabara inayokata mbugani, na jua lilipokuwa linachomoza tembo walikuwa kandoni, wanne, mmoja mdogo. Nikapunguza mwendo. Yule mkubwa aligeuza kichwa, akanitazama kupitia dirisha lililonyooka kabisa.

Waliniona. Nikageukia kiti cha pembeni kusema, "Zamu yao," na pale palikuwa na futi kamba.

Nikageuza gari, nikaenda moja kwa moja hadi Ruhembe. Nilimkuta Hamadi nyumbani, ametoka shambani, ameoa, ana mtoto anayetambaa. Alifurahi kuniona, na nadhani ilikuwa furaha ya kweli. Akaingia garini, akapitisha kiganja juu ya fremu, kutoka kona hadi kona.

"Limenyooka," alisema.

"Ndiyo."

"Hongera."

Nikamwomba radhi. Maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima yalitoka yamepinda, nikayaacha hivyo hivyo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Yameisha, Beni." Mwanangu, neno hilo likisemwa kwa ukali lina matumaini. Likisemwa taratibu, limeisha kweli.

Kisha akanikaribisha chakula. Mkewe alitandika mkeka mpya, akaleta maji ya kunawa na sahani yangu peke yangu, imefunikwa kwa kawa. Hamadi, ambaye tangu utoto nilikula naye sufuria moja, tukigombania ukoko, alinisukumia kipande kikubwa cha kuku na kusema, "Karibu, jisikie nyumbani." Hapo ndipo nilipojua. Huwezi kumwambia mtu ajisikie nyumbani kama kwako ni kwake.

Tunasalimiana kwa simu siku za sikukuu. Gari lipo, ni zima, watu huja kulipiga picha. Jino la pembe si dawa ya pengo.

Sasa nasaha yenyewe, niiseme wazi usije ukaitafuta kati ya mbao. Mtu akikufanyia kazi kwa mapenzi, usiifanye upya akiwa amekupa mgongo. Kama imepinda, mwambie usoni, yeye ainue upande mmoja, wewe uinue mwingine. Kama hamwezi kuinyoosha, tafuta kijiti. Siku ya pumba Hamadi alikaa ndani ya kosa langu hadi magotini. Kosa lake mimi niliwapelekea kuku. Na ukiona umeanza kupima mara ya saba, weka futi kamba chini, uliza moyo wako unaogopa nini, kwa sababu mara nyingi bati halina tatizo. Jifya moja haliinjiki chungu, hata likiwa limechongwa vizuri namna gani.

Daftari nakutumia kwa basi la kesho. Usijaze pumba. Tanki liwe juu ya ekseli. Ukurasa wa kitanda tumia ule wa kumi na nne, wa watu wawili. Utaona ukurasa mmoja umechanwa. Ni wa dirisha, nimeuchana mimi. Hilo mlipime wenyewe, wewe na Zawadi, mara moja tu, na litakavyotokea mliache. Fremu ya Hamadi bado iko bandani. Kila asubuhi nawafungulia kuku kwa mkono wangu, na mpaka leo inafunga vizuri.

Mungu awape barabara kavu na maji yasiyokauka. Na akujalie mwenzako abishane nawe njia nzima, kwenda na kurudi. Amina.