Muuguzi na Kiti cha Baba

Kila asubuhi muuguzi husugua viganja vyake mpaka vipate joto, ndipo anapopunguza dawa ya usingizi ya baba yangu, ambaye mashine inampumulia, aone kama ataamka. Siku ya kwanza aliniuliza, "Nyumbani mzee hukasirishwa na nini?" Nikamwambia: mtu kukalia kiti chake. Tangu hapo humwinamia sikioni, kwa sauti ya mtu anayechongea: "Mzee, kuna mtu kakalia kiti chako." Kisha humkazia macho usoni. Siku tatu baba alihangaika tu bila kuitika, naye akairudisha dawa. "Haya, kesho tena." Leo baba amekunja uso, akafumbua macho, akayazungusha chumba kizima akimtafuta huyo mtu. Muuguzi akanigeukia pale nilipokaa kitini, kando ya kitanda. "Inuka upesi," akaninong'oneza, "mwenyewe karudi."